Siku Saba za Ruhusa

Jumamosi, 6 Machi

Mvua imeanza siku ileile waliyoitabiri redioni, jambo ambalo peke yake linastahili kuandikwa.

Leo watu kumi na mmoja tumeweka nadhiri ya masika katika chumba chetu cha juu ya duka la rangi. Tulikaa kimya dakika arobaini, harufu ya tapentaini ikitupandia kutoka chini, kisha Mwalimu akatueleza. Watawa wa Kibudha wa zamani, mvua zilipoanza, waliacha kutangatanga wakatulia mahali pamoja miezi mitatu. Sisi si watawa, lakini tutafanya kwa namna yetu. Hakuna atakayelala nje ya mji huu mpaka mwanzo wa Juni, na kila Jumatano na Jumamosi mchana tutakwenda kuhudumu katika nyumba ya wagonjwa wasio na watu, ile iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mwalimu anasema kufumba macho huku jirani yako anaoza kitandani si kutafakari, ni kusinzia.

Kabla ya kustaafu, Mwalimu alikuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Kwa hiyo yeye anafundisha, mimi ni katibu, na hakuna anayeniita kwa jina lingine. Alitusomea kanuni tisa, nami nimezichapa na kuzibandika mlangoni. Nimebandika nane. Ya tisa inasema kwamba mtu akiitwa na mzazi mgonjwa anaweza kwenda siku saba na nadhiri yake isivunjike. Nimeiacha makusudi. Miaka thelathini na moja mahakamani imenifunza kwamba kifungu cha msamaha ndicho watu wanachokisoma kwanza. Waliokuwepo wameisikia, na inatosha.

Binti yangu, ninayeishi naye, ameuliza kwa nini watu kumi na mmoja wapande ngazi kwenda kunyamaza pamoja wakati kila mmoja angeweza kunyamaza kwake. Sikumjibu.

"Naona umeshaanza," akasema.

Jumatano, 10 Machi

Vitanda kumi na vinne. Mwalimu ametufundisha kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza: unasimama, unavuta pumzi mara tatu, ndipo unamgusa. Unakunja goti lake, mkono mmoja begani, mmoja nyongani, mwenzako anavuta shuka upande wa pili, na mto unaingia katikati ya magoti. Kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya mgongo inachanika. Ni kazi ya watu wawili.

Kitanda cha tisa kuna mzee aliyekuwa akifundisha udereva. Amepooza upande wa kushoto, ulimi haujapooza. Nilipokuwa kwenye pumzi ya pili akaniuliza, "Mama, unanigeuza au unanipulizia?" Wauguzi wanamwita Mzee Mbishi. Naona ni jina la haki.

Jumamosi, 13 Machi

Tumepata mtu wa kumi na mbili, kinyozi mwenye kibanda karibu na posta. Wiki iliyopita hakuwepo. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, anaongea kama aliyelipwa. Aliisoma karatasi ya mlangoni mstari kwa mstari, kidole juu ya maandishi, halafu akanigeukia.

"Ndizo hizi tu, Katibu?"

"Ndizo hizo."

Mwalimu ametupanga pamoja, mimi na yeye, kitanda cha saba hadi cha tisa. Sikufurahi, na nimejiangalia nikiwa sifurahi, kama tulivyofundishwa.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki.

Jumatano, 24 Machi

Kinyozi ameanza kuja na mashine yake na wembe. Baada ya kugeuza, ananyoa. Mzee Mbishi alimwambia asijaribu hata kidogo, kisha akamlaumu kwa kuchelewa kuanza. Wakati ananyoa, kinyozi huwa kimya kabisa. Sikutegemea.

Njiani kurudi alinieleza, bila kuulizwa, kwamba alikuwa mlevi miaka kumi na tano. Ameacha miezi minane iliyopita. "Kila kitu nilichowahi kuapa nimekivunja, Katibu. Nimeapa mbele ya mke, akaondoka. Nimeapa mbele ya mama, akanyamaza tu. Hiki cha masika nakitaka kizima, hata kikiniua."

Nikamwambia afunge mwavuli, tumefika chini ya paa.

Jumamosi, 3 Aprili

Paa la chumba chetu linavuja. Tumekaa na ndoo katikati. Mwalimu amesema tusikilize tone. Nimesikiliza matone mia mbili na kumi na manne, jambo ambalo nadhani silo alilolikusudia.

Jumanne, 13 Aprili

Kinyozi alikuja nyumbani kwangu saa tisa mchana, amelowa hadi kwenye soksi. Binti yangu alimpa taulo. Hakukaa.

"Shikamoo, Katibu. Samahani kwa kukuvamia. Dada yangu amepiga simu. Mama alilazwa, sasa wamemrudisha nyumbani, na unajua mtu wa miaka themanini na mbili akirudishwa nyumbani maana yake nini. Ananitaja."

Kwao ni mwendo wa basi kutwa nzima.

"Pole," nikasema.

"Nimekuja kuuliza tu. Hakuna namna yoyote?"

"Karatasi ya mlangoni umeisoma."

"Nimeisoma."

"Inasemaje?"

"Hakuna kulala nje ya mji."

"Basi kanuni ni kanuni. Lakini wewe ni mtu mzima, hakuna atakayekufunga kamba."

Akakamua ncha ya shati juu ya zulia langu. Kisha akasema, "Nikiivunja hii, najua nitavunja na ile nyingine. Najijua." Akarudisha taulo, akaaga.

Karatasi ya Mwalimu yenye kanuni zote tisa ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka pale aliposimama. Naandika yaliyonipitia kichwani, kwa kuwa sina mwingine wa kumdanganya humu. La kwanza, kwamba akienda kwao atakuta wajomba na chupa, na hatarudi. Hilo nilijiambia ni huruma. La pili, kwamba nikifungua droo ataona nilimjibu uongo siku ya kwanza. La pili ndilo lililonishika mkono.

Jumatano, 14 Aprili

Amekuja zamu. Tumegeuza watatu. Hakuongea, na Mzee Mbishi akauliza kama redio imeisha betri.

Jumamosi, 17 Aprili

Dada yake anapiga simu kila siku. Leo alipiga tukiwa kitanda cha nane, akatoka kupokea uani. Nilimwona kupitia dirisha akitikisa kichwa kwa mtu asiyemwona. Aliporudi alinawa mikono, akavuta pumzi tatu, akashika shuka. Bado nilikuwa na nafasi. Basi la asubuhi huondoka kila siku.

Jumapili, 18 Aprili

Mama yake kinyozi amefariki leo adhuhuri. Wamemzika jioni hiihii, hata angeruka asingewahi. Mwalimu ndiye aliyenipigia.

Mvua imenyesha bila kupumzika. Nimepiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi.

Jumanne, 20 Aprili

Tulikwenda wote kumpa pole chumbani kwake. Kitanda kimoja, jiko la mafuta, kioo kikubwa cha kazini chenye ufa. Dada yake alikuwa kwenye simu, sauti ikisikika hadi mlangoni: "Umeingia dini gani wewe isiyo na mama?" Alishika simu mpaka dada akachoka.

Wakati wa kutoka, Mwalimu alinivuta kando kwenye ngazi.

"Kwa nini hakwenda? Siku saba alikuwa nazo."

"Aliamua mwenyewe," nikasema.

"Alijua?"

"Aliamua mwenyewe, Mwalimu."

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akashuka akishikilia ukuta, kwa sababu ngazi zilikuwa zinateleza.

Jumatano, 21 Aprili

Zamu. Mgonjwa wa kitanda cha saba amefariki usiku wa kuamkia leo, kwa hiyo tuligeuza wawili tu.

Jumamosi, 24 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 1 Mei

Leo baada ya kukaa, Mwalimu aliuliza nani ana la kusema. Kinyozi alisimama, jambo ambalo hatufanyi. Sisi husema tukiwa tumekaa. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza maishani ameshika neno lake, na gharama yake imekuwa kubwa, lakini anaamini mama yake, aliyemwona akivunja viapo vyote, angefurahi kuona hiki kimoja hakikuvunjika. Akasema, "Namshukuru Katibu. Siku ile nilikwenda kwake nikiwa nusu mtu. Angenionea huruma, ningepotea."

Watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Na mimi niliinamisha.

Nilizoea kuona watu wakihukumiwa. Sikuwahi kumwona mtu akimshukuru shahidi wa uongo kwa ushahidi wake.

Jumatano, 5 Mei

Mzee Mbishi ana kidonda kidogo kwenye nyonga, ukubwa wa kifungo. Muuguzi anasema siku tusizokuja wagonjwa hawageuzwi ipasavyo. Kinyozi amejitolea kwenda na Ijumaa pia. Nikajikuta nasema na mimi nitakwenda.

Ijumaa, 7 Mei

Nimeanza kumwelewa huyu mtu, na ingekuwa nafuu nisingemwelewa. Nilidhani anaongea kwa kuwa hana la kufikiri. Anaongea kwa sababu akinyamaza anasikia kiu. Aliniambia hivyo huku anafua sponji. Akasema, "Sasa nikisikia kiu namkumbuka mama, nasema: kama niliweza lile, hili la glasi ni dogo."

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Nikimwambia ukweli, ninamwondolea kitu kinachomzuia kunywa. Nisipomwambia, ataendelea kusimama juu ya uongo wangu. Mahakamani tungeiahirisha kesi hii.

Jumanne, 11 Mei

Nimemwambia binti yangu. Tulikuwa tunachambua mchele. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kwa tarehe, na nikamaliza kwa kusema kwamba, nikizingatia hali ya mhusika, busara ni kuitunza siri.

"Mama," akasema, "hiyo siri si yako. Ni ya kwake, umeikalia tu."

Nikamwambia hajui chochote kuhusu kutafakari.

"Sijui. Ila ninajua kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nitakuwa hapahapa nyumbani ukitokea."

Jumatano, 12 Mei

Hatusemezani, mimi na binti yangu.

Alhamisi, 13 Mei

Bado. Ameniachia chai kwenye chupa.

Jumamosi, 22 Mei

Mvua zinapungua, zinanyesha alfajiri tu. Kidonda cha Mzee Mbishi kimefunga. Alidai ni kwa sababu ya ubishi wake. Kinyozi alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikacheka, kisha nikatoka uani kwa kisingizio cha maji.

Jumanne, 25 Mei

Mwalimu ameniletea maneno ya kuchapa kwa ajili ya siku ya kufunga masika. Watawa walikuwa na desturi: mvua zikiisha, kila mmoja alipiga magoti mbele ya wenzake, akawaomba wamweleze makosa yake. Si kwamba anakiri. Anawaomba wao wamwambie. Maneno ni haya: "Mliloliona kwangu, mlilolisikia, mlilolishuku, niambieni kwa huruma, nami nitalirekebisha."

Nimechapa nakala kumi na mbili. Sikuacha hata mkato.

Jumatano, 2 Juni

Sijalala vizuri. Nimejaribu kuiangalia hofu kama tulivyofundishwa, inakuja, inakaa, inaondoka. Inakuja na inakaa.

Jumamosi, 5 Juni

Naandika polepole ili nisikosee.

Tulikuwa wote kumi na wawili. Jua lilikuwa limetoka, na duka la chini walikuwa wanachanganya rangi kwa mashine, sakafu ikitetema. Huanza mkubwa kwa umri. Mwalimu akapiga magoti, akasema maneno yake. Fundi cherehani mmoja wa kundi letu akamwambia kwamba huwa hafungi bomba vizuri. Mwalimu akashukuru. Wengine wakatabasamu. Nilidhani labda ndivyo siku itakavyokwenda.

Wa pili kwa umri ni mimi. Magoti yangu yalilia. Nikasema maneno yote, na kwa kweli nilingoja. Kimya. Kinyozi alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu asiye na neno baya juu yangu. Hapo nikaona sitaweza kuinuka.

Nikasema, "Kwa kuwa hamna la kuniambia, nitawaambia mimi. Kanuni zilikuwa tisa. Nilibandika nane. Ya tisa inasema anayeitwa na mzazi mgonjwa aende siku saba, na nadhiri inabaki nzima. Kinyozi aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili niliijua, na karatasi ilikuwa kwenye droo. Mwalimu alipouliza kwa nini hakwenda, nilimdanganya."

Mashine ya rangi ilinyamaza. Sijui kama ni kweli au nilisikia hivyo mimi.

"Siku ngapi?" kinyozi akauliza.

"Saba."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Nilikuja kwako Jumanne. Basi la Jumatano asubuhi. Jioni nimefika. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi." Akashika kidole cha nne, akakiangalia. "Na Jumapili mpaka adhuhuri."



"Dada alimwambia nipo njiani," akasema. "Kila siku alikuwa anamwambia nipo njiani."

"Ungeniambia," akaendelea, "kama leo isingekuwepo hii desturi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Sijui."

Mwalimu akasema kwamba na yeye ana kosa. Alishuku siku ile kwenye ngazi, hakuuliza tena, na akakiita kimya chake utulivu. Sauti yake ilitetemeka. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia ikitetemeka, na sikujisikia vyema kwa kuwa na mwenzangu.

Kinyozi aliinuka, akashuka ngazi. Viatu vyake vilibaki mlangoni, chini ya karatasi ya kanuni nane.

Jumapili, 6 Juni

Nimemwambia binti yangu. Alinikumbatia, kisha akaniuliza kinyozi alikwenda wapi. Hilo ndilo swali.

Jumatatu, 7 Juni

Kibanda cha karibu na posta kimefungwa.

Jumanne, 8 Juni

Kimefungwa. Chumbani kwake hayupo. Viatu vyake niko navyo kwenye mfuko.

Jumatano, 9 Juni

Hakuja zamu. Nimemgeuza Mzee Mbishi na muuguzi. Mzee akauliza, "Fundi wangu yuko wapi?" Nikamwambia nimemkosea. Akafumba macho. "Basi mtafute," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Nimepita kwenye baa tatu za upande ule. Mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye mfuko wa viatu, akichungulia mlango kwa mlango. Hakuwemo. Nilimshukuru Mungu, jambo ambalo kwa kikundi chetu si desturi.

Ijumaa, 11 Juni

Kimefungwa.

Jumamosi, 12 Juni

Alikuwepo. Nilipoingia wodini alikuwa ameshasimama upande wa kulia wa kitanda cha tisa, ndala miguuni, shuka mkononi, ananingoja kwa sababu kazi ile ni ya watu wawili. Hakuniamkia. Naona haya kuandika kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnusa. Alinuka sabuni.

Tulimgeuza mzee. Mikono yangu haikuwa na nguvu, akanisubiri nipate nguvu, tukarudia. Akamnyoa. Akasafisha wembe, akaufunga kwenye kitambaa, akanawa. Nilimpa viatu vyake. Akavivaa bila kukaa, mkono mmoja ukutani.

"Sijanywa," akasema. "Nilikaa mbele ya glasi siku mbili. Mtu akanifukuza, anasema namharibia biashara."

"Nisamehe," nikasema. Nilikuwa sijalitamka hilo neno hata Jumamosi ile.

"Hapana. Bado. Sijui kama nitaweza." Akafunga kamba ya kiatu. "Jumatatu nakwenda kwa mama. Mvua zimeisha, hakuna wa kunizuia. Utakwenda na mimi."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kumwambia. Yeye aliambiwa nipo njiani, amekufa akijua nipo njiani. Mimi siwezi kumweleza kwa nini sikufika. Utamweleza wewe."

Jumapili, 13 Juni

Tiketi mbili, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Binti yangu amenipakia nguo na blanketi, kwa kuwa tutalala kwa dada yake kinyozi, ambaye bado hajui mimi ni nani. Ataniuliza, nami nitamjibu.

Lakini kaburini ndiko ninakokuogopa. Nimekaa tangu mchana natafuta maneno. Nimeandika karatasi tatu, zote zinasomeka kama za mahakama, nimezichana. Amenizidi miaka ishirini yule mama. Nitaanza na shikamoo. Baada ya shikamoo, sijui.